Mlima Uliopigiwa Hodi

Ilikuwako nchi, na kama ingali iko basi Mungu awazidishie subira watu wake, iliyokuwa na adabu kuliko nchi zote zilizoizunguka. Jina lake halina haja. Ukiitaja nchi kwa jina, wakubwa wake hugeuka kutazama ni nani ameita, na hapa hakuna aliyewaita.

Katika nchi hiyo mtu hakuingia mahali bila kupiga hodi. Hilo si ajabu, maana ndivyo tulivyolelewa sote. Unapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipoitikiwa unageuza, unakwenda zako, wala huweki kinyongo, kwa kuwa kila nyumba ina siri zake. Ni desturi nzuri, waliyotuachia wazee. Ila serikali ya nchi ile iliitazama desturi hiyo kwa jicho la kazi, ikagundua jambo: mtu aliyepiga hodi tatu asiitikiwe huondoka mwenyewe. Haondolewi kwa rungu, hafukuzwi kwa mbwa. Anaondoka, tena njiani anajilaumu kwamba pengine amekuja saa mbaya.

Basi wakaifanya sheria. Kila ofisi ikawekewa mlango mnene, na nyuma ya kila mlango akawekwa mtu wa kutoitika. Aliyeweza kutoitika vizuri alipandishwa cheo. Mkuu wa nchi akaitwa Mwenyeji Mkuu, na wananchi wakaitwa wageni. Mji mkuu ukaitwa Barazani, maana hapo ndipo watu walipokuwa wakingojea. Na utulivu wa nchi ile ulisifiwa mpaka ng'ambo, wajumbe wa mataifa wakawa wanakuja kujifunza.

*

Mbali na Barazani, nyuma ya Mlima Kinundu, kulikuwa na kijiji kinaitwa Kisogoni. Kulia kwake bwawa la viboko, kushoto jabali tupu. Mtu wa Kisogoni akitaka hospitali, shule kubwa au hata kiberiti, sharti apande Kinundu mpaka juu mawinguni, kisha ashuke.

Hapo ndipo alipozaliwa Chaurembo, mtoto wa Bi Mashavu. Watoto wengine walianza kutambaa, huyu alianza kuchimba. Alitoboa kichuguu kikatokea upande wa pili. Alitoboa kiambaza cha banda la kuku, kuku wakawa wanatokea chumbani kwa mwalimu, na mwalimu akila mayai bila kuuliza. Majirani wakaja kushitaki. Bi Mashavu akawapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Wa wenzangu wanavunja, wangu anatoboa. Kilichovunjika kinatupwa. Kilichotobolewa kinapitisha upepo."

Siku moja mdogo wake Bi Mashavu alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto akakataa kutoka. Wanaume wakamlaza kitandani, wakakibeba kitanda kupanda Kinundu. Hawakufika. Penye kona moja ya juu waliteremsha kitanda, wakavua kofia. Tangu hapo pakaitwa Kona ya Kitanda.

Baada ya matanga, Bi Mashavu alisikia kitu kinagonga nyuma ya jiko lake, pale mlima unaposimama wima kama ukuta. Akaenda, akamkuta Chaurembo na mchi wa kinu, anagonga mwamba.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Natoboa, mama. Mtu apite bila kupanda."

Bi Mashavu alimtazama mtoto, akautazama mlima.

"Haya, toboa," akasema. "Ila mchi unirudishie kabla ya adhuhuri, nina mpunga wa kutwanga."

Mtoto alichimba miaka yake yote ya utoto, akapata tundu la kumtosha mtu kuchuchumaa. Alipokwenda shule kubwa, mama yake akaligeuza kuwa stoo ya viazi vitamu. Hakulifukia.

*

Chaurembo akasoma, akasoma tena, akapelekwa nchi ya theluji ambako garimoshi hupita ndani ya milima kama uzi kwenye tundu la sindano. Akarudi mhandisi wa mahandaki, na kofia yake ngumu ya manjano ambayo hakuivua hata msibani. Serikali ikamfurahia sana. Ikamfungulia Idara ya Mahandaki, katika nchi isiyokuwa na handaki hata moja, na kwa kuwa hakukuwa na kazi, ikampa ya kukagua mashimo ya panya katika maghala ya serikali. Aliyapima marefu na mapana. Kwa haki ya Mungu, panya wale walikuwa mafundi.

Likizo ya kwanza akapanda Kinundu, akashuka Kisogoni kumwamkia mama yake. Bi Mashavu akampokea, akammiminia chai. Chai ikaenda mkekani.

"Mama, unamwaga."

"Simwagi. Kikombe ndicho kimehama."

Chaurembo akayatazama macho ya mama yake, akaona utando mweupe umetanda kama ukoko wa uji. Aliporudi Barazani akamwendea daktari wa macho.

"Ni kazi ndogo," daktari akamwambia. "Mlete asubuhi, kesho yake mchana tunafungua bandeji, anaona. Lakini msikae. Akiacha kuona vifaranga, bado. Akiacha kuona kuku, bado. Siku akikwambia halioni hata jua, usije kwangu, nenda kamnunulie fimbo."

Chaurembo akarudi mbio Kisogoni na habari hizo. Mama yake akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Kupanda siwezi, magoti yamekataa. Na kitandani sibebwi. Mdogo wangu alibebwa."

"Sasa itakuwaje, mama?"

"Wewe si ulisema utatoboa? Toboa. Nitapita kwa miguu yangu."

*

Mambo ya njia yote yalikuwa chini ya Wizara ya Adabu na Milango. Chaurembo akavaa kofia yake, akaenda, akasimama mbele ya mlango wa Waziri, akapiga hodi tatu. Kimya. Akageuza. Akaja wiki nyingine, akaja mwezi mwingine. Alipiga hodi za asubuhi na hodi za jioni, hodi za upole na hodi za kikohozi. Ndani alisikia kijiko kinakoroga kikombe. Aliyekuwa akiingia ni Bi Zamda tu, mama wa chai, kwa sababu mikono yake ilikuwa na sinia, na mtu mwenye sinia hakuhesabiwa kuwa anaingia. Aliyeingia ni chai.

Kutoka Kisogoni zikaletwa salamu na mpita mlima: "Mama yako anasema vifaranga hawaoni tena. Anawajua kwa sauti."

Siku hiyo Chaurembo hakupiga hodi. Alikaa tu barazani, kimya, kofia kichwani. Wengine waliokuwa wakingoja wakamwona, nao, kwa uchovu, wakakaa kimya. Saa zikapita. Ndani kijiko kikaacha kukoroga. Mlango ukafunguka upana wa pua, na pua yenyewe ikatokea, ya Mheshimiwa Kikoti, Waziri wa Adabu na Milango.

"Mbona leo hakuna hodi?"

"Tumechoka, mheshimiwa," akajibu Chaurembo.

"Mmechoka?" Waziri akatoka mzima mzima, jasho linamtoka. "Mkichoka ninyi, mimi nitakataa kumwitikia nani? Wakubwa wakisikia mlango wangu haugongwi, watasema sina kazi. Njoo ndani, bwana mwenye kofia, unieleze nimekukosea nini."

Ndivyo Chaurembo alivyoingia. Akaeleza mlima, akaeleza Kisogoni, akaeleza macho ya mama yake. Waziri alikuwa akipiga miayo, mpaka aliposikia kwamba handaki lina mlango huku na mlango kule.

"Milango miwili?"

"Miwili, mheshimiwa."

"Mikubwa?"

"Lori linapita."

"Na katikati giza," Waziri akasema polepole, kama mtu anayekumbuka mapenzi yake ya zamani. "Giza, ambamo mtu atangoja bila kujua anangoja nini. Bwana mhandisi, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

*

Wakaenda Kinundu kwa msafara. Wachimbaji wakapanga sururu, tindo, matoroli na baruti. Mbele yao alikuwa nyapara wao Dogoli, mtu mfupi aliyetoboa visima nusu ya nchi. Waziri akapigiwa hema, ndani yake kiti cha kuzunguka na jokofu. Dogoli akatema mate mikononi, akainua sururu.

"Simama," Waziri akasema. "Mmeupigia hodi?"

"Tumpigie nani?"

"Mlima. Kitu kikiwa na ndani, kinapigiwa hodi. Hiyo ndiyo sheria. Mhandisi, piga."

Chaurembo akautazama mlima, akamfikiria mama yake, akasogea karibu na mwamba. "Hodi!"

Na mlima ukajibu: "...hodi... hodi..."

Watu wote wakaganda. Dogoli akacheka. "Mwangwi huo, bwana mkubwa. Sauti imegonga, imerudi."

"Sheria yetu haina mwangwi," akasema Waziri, uso umempauka. "Nimesikia hodi kwa masikio yangu. Anayepiga hodi ni mgeni. Ina maana si sisi tunaotaka kuingia mlimani. Mlima ndio unaotaka kuingia kwetu."

Ikaundwa tume. Tume ikakaa hemani, ikala mbuzi mpaka mbuzi wa wilaya ile wakaanza kulala porini. Mwisho ikatoa maoni: mlima umesimama mlangoni pa nchi tangu kuumbwa dunia, haujaitikiwa hata mara moja, wala haujalalamika, ni mgeni wa mfano, na unastahili jibu. Waziri akavaa suti, akasimama mbele ya mwamba.

"Ewe Mlima Kinundu," akasema, "serikali sikivu ya Mwenyeji Mkuu imeisikia hodi yako. Ingawa milima ni mingi na nafasi ni chache, na ingawa kuna mabonde ambayo yamengoja kuliko wewe wala hayajanyanyua sauti, serikali, kwa huruma yake, inakwambia: karibu!"

"...karibu... karibu..." mlima ukasema.

Chaurembo hakungoja Waziri ameze mate. "Mheshimiwa, umesikia? Umetukaribisha."

Waziri akafikiri, akaona kweli. Mlima umekaribishwa na umekaribisha. Huo ni ujirani mwema. Dogoli akashusha sururu, na jiwe la kwanza likatoka.

*

Wakachimba, na handaki likaenda vizuri. Chaurembo alilala ndani yake, alikula ndani yake, aliujua kila ufa kama mtu anavyoyajua meno yake. Kisha mvua kubwa ikanyesha, ubavu wa mlima ukamomonyoka, tope na mawe vikateremka, vikaingia katika hema la Waziri, vikakaa kitini. Kwa bahati Waziri alikuwa hema la jirani akila mbuzi. Ila tope liliporomoka hadi mdomo wa handaki, njia ikazibwa.

"Leteni matoroli," akasema Dogoli.

"Nani aondolewe?" akafoka Waziri. "Huyu tulimkaribisha wenyewe, mbele ya mashahidi. Amekaribishwa, amekuja. Mgeni hafukuzwi."

Chaurembo akapiga magoti kwenye tope. "Mheshimiwa, mama yangu anapofuka."

"Na mgeni je, akiona nchi yetu haina adabu?"

Basi tope likaandaliwa chai, likawekewa na maandazi. Siku ya pili likaletewa wali kwa nyama. Wachimbaji wakakaa pembeni wakilitazama linavyopuuza nyama. Hapo ndipo Chaurembo alipokumbuka maneno ya mama yake kila ndugu wa mjini alipokuja kukaa Kisogoni.

"Mheshimiwa," akasema, "adabu ya wazee si inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe?"

Waziri akakubali. Siku ya tatu jembe zuri, lenye mpini mpya, likachomekwa kwenye tope, na wote wakasimama kungoja. Jua likazama, jembe halikuinuliwa. Waziri akatangaza kwa huzuni kwamba mgeni ni mvivu, aondoke. Na ili jambo hilo lisilete ubishi tena, akaharakisha kwenda Barazani, Mwenyeji Mkuu akalitia muhuri: tangu leo ni sheria, mgeni yeyote katika nchi hii, awe na ukubwa wowote, siku ya tatu ni jembe.

Matoroli yakapiga kazi. Lakini wakati huo salamu zilikuwa zimefika: "Mama yako anasema kuku naye amepotea. Jua bado analiona, ila limekuwa kama taa iliyofunikwa kwa kanga."

*

Hatimaye Dogoli akaliweka sikio lake mwambani, akamwita mhandisi. Chaurembo akasikiliza. Upande wa pili alisikia jogoo, akasikia kinu kinatwangwa. Alikuwa amelielekeza handaki lake lote, tangu jiwe la kwanza, litokee katika tundu lile lile la utotoni, nyuma ya jiko la mama yake. Uliobaki ulikuwa ukuta mwembamba kama ganda la yai. Nyundo moja tu.

Akainua nyundo.

"Simama," akasema Waziri Kikoti.

Maana handaki likikamilika, wa kwanza kutokeza lazima awe Mwenyeji Mkuu. Basi wakangoja, na Mwenyeji Mkuu akaja na mawaziri wake wote, hakubaki hata mmoja, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kusengenywa na wenzake. Wakaingia handakini kwa mstari, suti nyeupe, taa mikononi, wakafika penye ukuta. Mwenyeji Mkuu alikuwa mzee mnene, mpole wa sauti, aliyekuwa hajapiga hodi mahali popote tangu ujana wake. Ilibidi Waziri amkumbushe inavyofanywa.

"Tunatokea uani kwa mtu, Mtukufu. Ni sheria yako mwenyewe. Hodi tatu. Na ukumbuke, mlango usioitikia hodi ya tatu haupigiwi tena mpaka mwenye nyumba afe."

Chaurembo aliposikia hayo, akaishusha nyundo. Ukutani kulikuwa na ufa, na kupitia ufa zikaja sauti za Kisogoni. Watu walikuwa wamejaa uani.

"Hodi," akasema Mwenyeji Mkuu.

Kinu kikanyamaza.

"Ndio wenyewe hao," ikasema sauti ya kike. Chaurembo akaijua: Bi Nyamizi, jirani yao, ulimi wake mkali kama wembe. "Usiitike, Mashavu. Tumepiga hodi kwao tangu tuna meno, leo tuna ufizi. Nao waonje."

"Hodi," mara ya pili.

"Usiitike, dada," ikasema sauti nyingine. Na nyingine: "Akitaka apande mlima, hewa ya juu ni nzuri."

Handakini mawaziri wakatazamana. Chaurembo alitaka kuita, "Mama," lakini anayemsemea mgeni mlangoni alifungwa. Akaegemeza paji la uso kwenye mwamba ule ule aliougonga kwa mchi. Alijua mama yake amesikia. Alijua pia kwamba Kisogoni nzima inamshika mkono, na kwamba Kisogoni ina haki.

"Hodi," akasema Mwenyeji Mkuu mara ya tatu, na sasa sauti yake ilikuwa kama ya mtu yeyote aliyesimama nje.

Kimya. Jogoo akawika, akanyamazishwa. Waziri Kikoti akaanza kugeuka.

"Nani?" akauliza Bi Mashavu.

Mwenyeji Mkuu akajinyoosha. "Mwenyeji Mkuu."

"Mwenyeji hapigi hodi, baba. Anayepiga hodi ni mgeni. Mgeni nani?"

Mwenyeji Mkuu akamtazama Waziri, Waziri akatazama viatu. Jina la mkuu lilikuwa halijatajwa miaka mingi, tena kulitaja kulikuwa kosa. Ikabidi mzee alitafute mwenyewe, kama mtu anayetafuta ufunguo katika koti la zamani.

"Sufiani," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Sufiani wa nani?"

"Wa Bi Nyange. Muuza vitumbua."

"Aa. Mama yako alikuwa mtu. Peke yako?"

"Na mawaziri."

"Wote?"

"Wote."

"Basi ngojeni hapo. Uwanja haujafagiwa."

Ufagio ukaanza. Ulifagia taratibu, ukafagia jikoni, ukafagia uani, ukarudia jikoni. Mawaziri wakahamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule. Mmoja akaketi juu ya toroli. Waziri Kikoti akainama sikioni mwa Chaurembo.

"Kwa kawaida," akanong'ona, "watu hungoja muda gani?"

"Inategemea mlango, mheshimiwa."

*

"Karibuni," Bi Mashavu akasema alipokuwa tayari.

Chaurembo akapiga nyundo moja, ganda likapasuka, mwanga ukaingia, na viazi vitamu vikabingirika chini ya miguu ya serikali. Mawaziri wakateleza, wakashikana mashati, wakatokea uani kwa magoti. Bi Nyamizi akawapokea kwa macho yaliyosinyaa. Bi Mashavu akawatandikia mkeka, akawapa viazi na chai, na safari hii chai iliingia vikombeni, kwa kuwa aliweka kidole ukingoni kupima.

Kisha akajifunga kanga ya kutokea, akapapasa mpaka akaushika mkono wa mwanawe.

"Jua unaliona, mama?" akauliza Chaurembo.

Bi Mashavu akainua uso.

"Kidogo," akasema. "Kama mtu anayeaga. Twende." Akawageukia wageni. "Kunyweni chai, wanangu, jisikieni nyumbani. Mimi nafika hapo tu."

Akaingia handakini kwa miguu yake, mkono mmoja kwa mwanawe, mwingine ukutani. Katikati ya njia akasimama.

"Kona ya Kitanda iko wapi?"

"Juu yetu hapa, mama."

Bi Mashavu akauwekea mwamba kiganja, kama anavyopapaswa mtoto aliyelala. Kisha wakaendelea.

Huku nyuma, chai ikaisha. Mwenyeji Mkuu akatazama saa, akanyanyuka.

"Unakwenda wapi?" akauliza Bi Nyamizi.

"Barazani. Nina kazi."

"Bila kumuaga mwenyeji wako? Nilidhani ninyi ndio wenye adabu."

Mwenyeji Mkuu akakaa. Ilikuwa sheria yake mwenyewe, tena ya ukurasa wa kwanza: mgeni haondoki bila kumuaga mwenyeji. Na mwenyeji amefika hapo tu. Wakangoja. Wakalala ukumbini, vichwa hapa miguu pale. Siku ya pili wakapewa ugali na mlenda, wakasema mtamu, wakatazama njia.

Barazani siku hizo watu walikwenda kupiga hodi kama kawaida, ila nyuma ya milango hakukuwa na mtu wa kutoitika, maana wakuu wote walikuwa Kisogoni na wadogo wao walikuwa wamejipa mapumziko. Alikuwapo Bi Zamda tu, na sinia lake. Na kwa kuwa yeye hakupata kufundishwa kutoitika, akasikia hodi, akasema, "Karibu, shida nini?" Watu wengine walizirai mlangoni. Wengine waliingia, shida zao zikaisha, wakatoka wakiwa hawajui waende wapi na siku nzima iliyobaki.

Siku ya tatu, kabla umande haujakauka, Bi Nyamizi alifika uani kwa Bi Mashavu na majembe begani. Hakueleza kitu. Aliyapanga tu kwenye mkeka, moja mbele ya kila waziri, na lenye mpini mpya akampa mkubwa wao. Waziri Kikoti akalitazama lake, akakumbuka tope, akanyanyuka wa kwanza. Hakutaka kuitwa mvivu.

*

Hospitali walifungua bandeji. Daktari akauliza anaona nini.

"Naona kijana aliyevaa kofia ndani ya nyumba," akasema Bi Mashavu. "Chaurembo, nilikulea hivyo?"

Akaivua. Ilikuwa mara ya kwanza, na hakuweza kuirudisha upesi, kwa sababu alihitaji mikono yote miwili kufuta uso.

Wakarudi kwa njia ile ile. Bi Mashavu aliona handaki lote, akaona tindo lilipopita na baruti ilipopita, akasema limekaa sawa ila lafaa kufagiwa. Wakatokea kwenye tundu la viazi, jua la asubuhi likampiga usoni, akasimama.

Shamba lake lililokuwa pori lilikuwa limelimwa lote. Matuta yalikwenda kombo, yakapishana, mengine yakagongana kama watu sokoni. Mwisho wa tuta moja alisimama mzee mnene, suruali nyeupe imekunjwa magotini, jembe mkononi, viganja vina malengelenge. Alipomwona Bi Mashavu akavua kofia, akaja mbio mbio, akasimama ukingoni mwa ua, asiingie.

"Mama, nilikuwa naomba kukuaga."

Bi Mashavu hakujibu. Si kwa ubaya. Kuku alikuwa amepita mbele yake, na nyuma ya kuku vifaranga, na yeye alikuwa ameinama, mikono magotini, anawatazama mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na doa jeusi ambalo hakuna aliyewahi kumwambia habari zake.

"Naomba kukuaga, mama," Sufiani akasema tena.

Na mara ya tatu, kwa sauti ya chini zaidi: "Naomba kukuaga."

Kimya. Sufiani akangoja kidogo, kama alivyofundishwa na muuza vitumbua. Kisha, kwa kuwa ilikuwa nchi ya adabu, akageuza, hakuweka kinyongo, akarudi kwenye tuta lake.